Plastiki ya asidi amino na vimeng'enya: maswali tunayoulizwa sana Mombasa

Maswali haya yametoka kwa wanafunzi wa kemia, wauza vyakula wa Kongowea na Marikiti, vijana wanaookota taka ufuoni, na mabwana wawili watatu waliokuwa karibu kuagiza kontena zima la mifuko "inayooza". Majibu mengine ni marefu kwa kuwa swali lilistahili. Mengine ni ya mstari mmoja.

Hii plastiki ya asidi amino ni kitu gani hasa?

Plastiki zote ni polima, yaani minyororo mirefu ya vipande vidogo vilivyoshikana, kama shanga kwenye uzi. Mfuko wa polithini ni minyororo ya kaboni na haidrojeni tupu, malighafi yake ikiwa mafuta na gesi ya ardhini. Katika plastiki tunayoizungumzia hapa, vipande ni asidi amino: vile vile vinavyojenga protini ya samaki, kunde, nywele na kucha. Viumbe hutumia aina ishirini kujengea protini zao. Kila moja ina upande wa amino wenye nitrojeni na upande wa asidi. Upande wa amino wa kipande kimoja hushikana na upande wa asidi wa kingine, na hapo hupatikana kifungo kiitwacho cha peptidi, au cha amaidi ukiongea na watu wa plastiki.

Uzito wote wa jambo uko kwenye kifungo hicho. Viumbe wamekifunga na kukifungua tangu uhai uanze. Bakteria wa udongo wana vimeng'enya, yaani protini za kuharakisha mabadiliko ya kemia, vya kukikata, kuvu pia, na hata tumbo lako linafanya kazi hiyo kila ukila. Vifungo vya kaboni kwa kaboni vya polithini ni karibu vigeni kwao, ndiyo maana mfuko wa polithini uliotupwa zamani kule Kibarani ukifukuliwa leo utaonekana bado ni mfuko.

Lakini nailoni nayo ina kifungo hicho hicho. Mbona nyavu za nailoni haziozi?

Aliyeuliza hili ni mvuvi, na sijasikia swali bora kuliko hilo.

Ni kweli, nailoni ni poliamaidi, yaani polima yenye vifungo vya amaidi. Ila katika nailoni 6 na nailoni 66, zinazosuka nyavu na kamba, kati ya kifungo na kifungo kuna kipande kirefu cha kaboni, na minyororo imejipanga ikabanana hata kimeng'enya hakipati pa kuingilia. Kifungo kipo, mlango hakuna. Kwa hiyo si kila chenye kifungo cha amaidi kitaoza. Umbali kati ya vifungo, mpangilio wa minyororo na kiasi cha maji kinachoweza kupenya ndivyo vinavyoamua.

Ndugu yake, nailoni 4, ana tabia tofauti. Vifungo vyake viko karibu karibu, na majaribio yameonyesha kuwa vijidudu vya udongoni na vya baharini humla. Nailoni 4 inaweza kutoka kwenye asidi amino: unachukua glutameti, ile ile ya unga wa kukoleza ladha ambao Kikunae Ikeda aliutoa kwenye mwani huko Japani mwaka 1908, kimeng'enya kinaiondolea kipande kimoja na kuigeuza asidi gamaaminobutiriki, hiyo hupashwa moto ikajikunja kuwa pete, na pete zikifunguliwa na kuunganishwa, umepata nailoni 4. Kikwazo chake ni kuwa huyeyuka kwenye takriban nyuzi 265 za Selsiasi, na karibu na joto hilo hilo huanza kuharibika. Mtu wa mashine ya kuyeyushia plastiki atakwambia hiyo ni balaa, na atakuwa amesema kweli.

Kimeng'enya kinaingia wapi?

Mama yeyote wa Pwani anayepika mishkaki anakijua, hata kama hajawahi kulisikia jina lake. Nyama ngumu hupakwa papai bichi lililosagwa, ikakaa, ikalainika. Kinacholainisha ni papaini, kimeng'enya kilichomo kwenye ule utomvu mweupe. Hukata vifungo vya peptidi vya nyama.

Sasa ajabu yake: papaini huyo huyo, ukimbadilishia mazingira, hufunga badala ya kukata. Kimeng'enya huharakisha tu safari, wala hakichagui upande. Njia inayotumika sana maabara ni hii. Asidi amino hugeuzwa kwanza kuwa esta, yaani huunganishwa na pombe kama ethanoli. Esta huyeyushwa ndani ya maji yenye bafa ya fosfeti, yaani chumvi za kuzuia pH (kipimo cha asidi na alkali) isiyumbe, pH ikiwa karibu 8, joto karibu nyuzi 40, kisha papaini huongezwa. Papaini hushika esta kwenye salfa ya sisteini, asidi amino iliyomo katika kiini chake, na ethanoli hutoka. Hapo kipande kimeshikiliwa na kimeng'enya, kikingoja wa kukipokea. Maji yakiwahi, kazi imepotea na tumerudi tulikoanza. Asidi amino nyingine ikiwahi, mnyororo umerefuka kwa hatua moja.

Ujanja wote ni kuifanya asidi amino iwahi kabla ya maji. Ndiyo sababu ya pH ya juu kidogo, ambayo huacha upande wa amino ukiwa tayari kushika, na ndiyo sababu ya kuweka esta kwa wingi. Minyororo ikirefuka kiasi, hushindwa kuyeyuka tena, ikatuama chini kama unga mweupe, na papaini hana nafasi nzuri tena ya kuikatakata. Watafiti wa Japani, hasa kundi la Keiji Numata, wameandika mengi kuhusu njia hii.

Si papaini peke yake. Bromelaini ya nanasi hutumika, na vimeng'enya vya bakteria kama subtilisini. Lipesi, jamaa ya vimeng'enya vya kumeng'enya mafuta, hutumika pale mtu anapotaka mnyororo uliochanganya esta na amaidi.

Kwa nini msitumie joto tu, au kemikali za kawaida?

Watu hutumia. Asidi asipatiki, mojawapo ya asidi amino, ikipashwa moto mkali hujiunga yenyewe, kisha huoshwa kwa alkali ikawa poliasipateti. Kampuni ya Marekani iitwayo Donlar ilipewa tuzo ya serikali ya kemia safi mwaka 1996 kwa njia hiyo, na hakuna kimeng'enya hata kimoja ndani yake. Nasema hivi kwa sababu wengine wanadhani bila kimeng'enya plastiki ya namna hii haiwezekani.

Njia nyingine ni ya kale zaidi. Mwaka 1906 Mjerumani Hermann Leuchs alieleza jinsi ya kugeuza asidi amino kuwa pete zinazojiunga kirahisi, na pete hizo hadi leo hutoa minyororo mirefu na safi. Tatizo ni kwamba kwa kawaida huandaliwa kwa fosjini, gesi ile ile iliyoua askari katika Vita Kuu ya Kwanza. Hakuna mwenye akili timamu atakayetaka tangi la fosjini Changamwe.

Kimeng'enya hufanya kazi ndani ya maji, kwa joto linalopita kidogo tu lile la mchana wa Februari. Tena kinachagua: asidi amino zina umbo la kushoto na la kulia, na papaini hupendelea la kushoto, ambalo ndilo la viumbe. Asidi kama glutamiki, ambazo zina pande mbili za asidi, kimeng'enya hushika upande unaotakiwa bila mtu kulazimika kufunika ule mwingine kwanza. Kwa mkemia, kupunguziwa hatua hizo mbili tatu ni nafuu kubwa.

Basi kasoro yake ni ipi?

Urefu. Minyororo inayotoka kwa papaini mara nyingi ni mifupi, vipande kumi hivi, kwa sababu hutuama mapema. Vipande kumi ni unga. Havifanyi mfuko, havifanyi sahani, havifanyi hata mrija. Ili unga huo uwe kitu, lazima uunganishwe na polima nyingine au uchanganywe kama kiungo. Ukisoma mahali kwamba "wanasayansi wametengeneza plastiki kwa utomvu wa papai", tafuta sentensi inayotaja urefu wa mnyororo. Kwa kawaida haipo.

Hakuna kiumbe anayejenga mirefu?

Wapo, na mimi matumaini yangu yako kwao kuliko kwenye papai.

Bakteria wa *Bacillus subtilis*, anayechachusha soya za Kijapani ziitwazo natto, hutoa utelezi unaovutika kama nyuzi. Utelezi huo ni asidi ya poligamaglutamiki, na minyororo yake huweza kuwa mirefu ajabu. Huundwa na kundi la vimeng'enya lililoketi kwenye utando wa seli, likitumia nishati ya seli yenyewe. Kifungo chake kimepita upande mwingine wa asidi, si ule wa protini, hivyo vimeng'enya vya kawaida vya protini havikikati. Kuna vyake maalumu. Huyeyuka majini, kwa hiyo usiwaze mfuko. Waza kusafisha maji machafu, kutunza unyevu shambani, vipodozi.

Kisha kuna epsiloni-polilisini, aliyegunduliwa Japani mwaka 1977 kutoka kwa *Streptomyces albulus*. Ana vipande 25 hadi 35, na huua vijidudu, kwa hiyo Wajapani humtia kwenye chakula kisiharibike. Na kuna sianofisini, ghala la nitrojeni la bakteria wa kijani-buluu, ambalo Muitaliano Borzì aliliona kwa hadubini tangu 1887. Hilo huundwa na kimeng'enya kimoja kwa asidi asipatiki na asidi amino nyingine, ajinini, na likiondolewa ajinini linakaribia kuwa poliasipateti ile ile ya Donlar, safari hii bila tanuri.

Habari mpya kidogo ni ya Korea Kusini. Mwaka 2025 kundi la Sang Yup Lee wa KAIST lilichapisha kazi ya kumpa *Escherichia coli* vimeng'enya vya bakteria wengine ili ajenge ndani ya mwili wake poliesta-amaidi, yaani plastiki yenye vifungo vya esta na vya amaidi kwenye mnyororo mmoja, kutoka kwa sukari na asidi amino. Hapo ndipo kimeng'enya kinapoanza kuleta kitu kinachofanana na plastiki ambayo fundi anaitambua.

Je, itaoza baharini?

Kabla ya kujibu, nami nauliza: ioze wapi, kwa joto gani, kwa muda gani? Bila hayo matatu, neno "inaoza" ni la mapambo.

Kipimo cha Ulaya kiitwacho EN 13432 kinataka angalau asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya kaboni ndani ya miezi 6, lakini ni katika kiwanda cha mboji, ambako joto hufika nyuzi 58 hivi. Vikombe vingi vya polilaktiki, ambayo si asidi amino bali asidi laktiki, hufaulu mtihani huo. Vikombe hivyo hivyo ukivitupa baharini Mkomani vinakaa tu. Sisi hatuna nyuzi 58 popote ila kwenye mabati ya paa. Bahari yetu ina nyuzi 25 hadi 30, na huo ni mtihani mwingine kabisa, wenye kipimo chake.

Polima za asidi amino nyingi zina nafasi nzuri zaidi majini kwa sababu maji hupenya na vimeng'enya vya kuzikata viko kila mahali. Lakini nafasi nzuri si ahadi. Na hata kitu kinachooza kwa miezi miwili kinaweza kumkaba kasa siku ya kwanza. Anayekuuzia mfuko kwa hoja ya kasa anakuchezea.

Itahimili unyevu wa Mombasa?

Hili halipati uzito unaostahili. Sifa ile ile inayoruhusu maji kupenya ili plastiki ioze ndiyo inayoifanya ilegee ghalani. Utando wa jelatini (protini ya ngozi na mifupa) au wa protini ya soya, uliokakamaa vizuri maabara yenye kiyoyozi, ukiuweka kibanda cha Mwembe Tayari msimu wa mvua unakuwa laini, unanata, na baada ya siku kadhaa kuvu anaanza kuota. Kufunga minyororo pamoja husaidia. Hapo kimeng'enya kingine huingia kazini, transglutaminesi, anayeunganisha asidi amino iitwayo glutamini ya mnyororo mmoja na nyingine iitwayo lisini ya mnyororo mwingine. Viwanda vya vyakula vinamtumia tayari kushikamanisha vipande vya nyama na samaki.

Nikiulizwa mradi gani unafaa kuanzia hapa, nitasema huu: jelatini ya ngozi na mifupa ya samaki, iliyofungwa kwa transglutaminesi, kwa vitu vya matumizi mafupi na makavu. Malighafi ipo, inatupwa, na haihitaji kuunda mnyororo upya kwa sababu samaki ameshauunda.

Ni halali kufungia chakula?

Hukumu ni ya masheikh. La kwangu ni kukuonyesha mahali pa kuchungulia.

Jelatini nyingi duniani hutoka kwa nguruwe na ng'ombe, basi uliza imetoka kwa nani na, kama ni ng'ombe, amechinjwaje. Asidi amino za kiwandani kwa kawaida hutoka kwa bakteria waliolishwa molasi au wanga. Mwenye miwa kule Ramisi angeweza kuwalisha. Ila sisteini imewahi kutolewa kwa wingi kwenye manyoya ya ndege na nywele. Na hata chakula cha bakteria kina asili. Mwaka 2001 kiungo maarufu cha ladha kiliondolewa madukani Indonesia kwa sababu kimeng'enya cha nguruwe kilitumika kuandaa chakula cha bakteria, ingawa chenyewe hakikuwemo kwenye unga uliouzwa. Papaini kwa upande wake ni papai tu.

Sheria ya mifuko inairuhusu?

Tangu 28 Agosti 2017, kutengeneza, kuingiza na kutumia mifuko ya plastiki ya kubebea na ile bapa ni kosa Kenya, na adhabu ni faini ya shilingi milioni 2 hadi 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4, au vyote viwili. Usidhani neno "inaoza" kwenye katoni ni kibali. Waandikie NEMA, mamlaka ya mazingira, kabla ya kuagiza, upate jibu kwa maandishi, na ulizie KEBS, shirika la viwango, kuhusu viwango. Ukishalipa ushuru bandarini umechelewa.

Tena kuna mifuko inayotiwa kemikali ili ivunjike vipande vidogo juani. Huko si kuoza, ni kusagika. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku katika sheria yake ya 2019. Na ile mifuko yenye sura ya kitambaa inayouzwa kila duka? Mingi ni polipropilini. Ni plastiki.

Naweza kuichanganya na chupa ninazouza kwa kilo?

Usifanye hivyo. Polithini na polipropilini huelea kwenye maji, chupa za soda huzama, na plastiki za asidi amino kwa jumla huzama pamoja na chupa. Zikiingia kwenye mashine ya chupa, joto huziunguza, na mzigo mzima huwa wa manjano. Mnunuzi ataurudisha, na hasara ni ya mwokotaji, si ya aliyetengeneza kikombe.

Kuichoma je?

Pia hapana. Ina nitrojeni, na moto wa jalalani wenye hewa haba unaweza kutoa sianidi ya haidrojeni. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, sogea.

Bei yake?

Asidi amino zenyewe si ghali. Mfugaji wa kuku anajua lisini na methionini huchanganywa kwenye chakula cha kuku, na glutameti na lisini hutengenezwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka. Gharama huingia baadaye: kugeuza asidi kuwa esta, kununua kimeng'enya, kukausha, kusafisha, kurefusha mnyororo. Polithini inauzwa dola moja au mbili kwa kilo, na hakuna kati ya hizi nilizozitaja inayoweza kuisogelea kwa mfuko wa nyanya. Ndiyo maana utazikuta mahali ambapo gramu chache zina thamani: sabuni, mabomba yasishike chokaa, vihifadhi vya chakula, hospitali. Kuna mfuko mdogo wa matundu unaovikwa kifaa cha kusawazisha mapigo ya moyo, uliopakwa polima itokanayo na tairosini, mojawapo ya asidi amino, unaofyonzwa mwilini kwa wiki tisa hivi baada ya kumaliza kutoa dawa. Huo haukuundwa kwa kimeng'enya, ila asidi amino ni zile zile.

Mfuko wa nyanya una jibu tayari. Linaitwa kikapu.

Naweza kujaribu nyumbani?

Njia ya papaini, hapana. Esta za asidi amino huandaliwa kwa kemikali zinazochoma mapafu, na unga wa papaini wenyewe husababisha pumu na mzio kwa wanaouvuta. Utomvu mbichi nao huwasha ngozi. Waliowahi kuchuma mapapai machanga wanajua.

Utando wa jelatini unawezekana shuleni: jelatini, maji ya moto, glisirini kidogo, umimine kwenye sinia na uache ukauke kivulini. Kata vipande viwili sawa, kimoja kiweke kabatini, kingine kizike kwenye udongo wenye unyevu, na uvipime uzito kila wiki. Wanafunzi wengi huzidisha glisirini. Ikizidi, utando haukauki.

Natto inapatikana Mombasa?

Mimi sijaiona. Soya unaweza kununua, bakteria itabidi umtafute, na harufu utaizoea au hutaizoea.